Mawimbi ya Ubongo Hufunzika. Kumbukumbu Je?

Mtu anakaa kitini, anabandikwa elektrodi mbili au tatu kichwani, kisha anatazama skrini yenye mchoro wa ndege. Hana kitufe cha kubonyeza wala usukani. Ndege hupaa pale tu ubongo wake unapotoa wimbi la aina fulani, na wimbi likififia, ndege huanza kushuka. Kikao huchukua nusu saa hadi saa nzima, na kwa kawaida vikao ni kati ya 20 na 40. Mwisho wa yote ameahidiwa kumbukumbu kali, umakini usioyumba na fikra za haraka. Haya ndiyo mafunzo ya mrejesho wa mawimbi ya ubongo, ambayo kliniki nyingi huyaita nyurofidibaki.

Ndani ya ahadi hiyo mna madai mawili, na mkanganyiko karibu wote huanzia pale yanapochukuliwa kuwa dai moja. La kwanza ni kwamba mtu akionyeshwa mawimbi ya ubongo wake papo hapo, anaweza kujifunza kuyabadili. La pili ni kwamba mawimbi yakibadilika, kumbukumbu na uwezo wa kufikiri navyo vitapanda. Dai la kwanza lina ushahidi wa kutosha, ingawa nalo lina mitego yake. La pili ndilo linalouzwa, na ndilo lenye miguu dhaifu.

Kinachonaswa nje ya fuvu

Seli za neva huwasiliana kwa kemikali na umeme, lakini umeme wa seli moja ni mdogo mno kupenya fuvu na kufika kwenye ngozi ya kichwa. Kinachonaswa na elektrodi ni jumla: maelfu kwa maelfu ya seli za gamba la ubongo zinapopanda na kushuka kwa pamoja, umeme wao hujumlishana hadi ukapimika. Hata hapo ni makumi ya mikrovolti tu, na mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti. Kupepesa jicho mara moja hutoa umeme unaozidi huo mara kadhaa. Kubana meno nako hivyo hivyo. Jambo hili linaonekana dogo, lakini litatuhusu tutakapofika kwenye vifaa vya kuvaa nyumbani.

Aliyekuwa wa kwanza kurekodi umeme huo kwa binadamu ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Alikaa na matokeo yake miaka mitano, akayachapisha mwaka 1929, na wengi hawakumwamini mpaka Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge waliporudia jaribio lake mwaka 1934. Kilichomsukuma Berger, kwa njia, ni imani kwamba mawazo yanaweza kusafiri kutoka kichwa kimoja hadi kingine bila maneno. Hilo hakulipata. Alichokipata ni kipimo cha EEG, ambacho leo hutumiwa na hospitali duniani kote kuchunguza kifafa na matatizo ya usingizi. Aligundua pia kwamba mtu akitulia na kufumba macho, nyuma ya kichwa hutokea wimbi linalopiga takriban mara 10 kwa sekunde, na akifumbua macho wimbi hilo hufifia. Ndilo tunaloliita alfa.

Mawimbi mengine yalipewa majina kwa kufuata kasi yake. Delta hupiga chini ya mara 4 kwa sekunde na hutawala usingizi mzito. Theta ni kati ya 4 na 8, alfa 8 hadi 12 hivi, beta 13 hadi 30, na juu ya hapo ni gama. Matangazo hupenda kuyapa mawimbi haya tabia kana kwamba ni watu: alfa mtulivu, beta mchapakazi, theta mbunifu. Hapo ndipo upotoshaji unapoanzia. Theta ya mtu anayesinzia na theta inayojitokeza mbele ya kichwa, katikati, mtu anaposhikilia tarakimu kadhaa akilini, zina kasi ileile lakini hazifanyi kazi ileile. Alfa hufifia macho yanapofumbuliwa, lakini pia huweza kuongezeka mtu anapojitahidi kuzuia yasiyohusika yasimvuruge wakati amehifadhi jambo kichwani. Mtu akikwambia atakuongezea theta, una haki ya kumuuliza: ya sehemu gani ya kichwa, wakati gani, kwa ajili ya kazi gani?

Isitoshe, watu hatufanani. Kilele cha alfa cha mmoja kinaweza kuwa mara 9 kwa sekunde na cha mwenzake mara 11, na kilele hicho hushuka kadiri uzee unavyoingia. Maabara makini humpima kila mshiriki kwanza, ndipo yakaweka kiwango chake. Mashine inayotumia mpaka mmoja kwa wateja wote inaweza kuwa inamfunza mtu wimbi ambalo si lake.

Kengele, paka na mafuta ya roketi

Wazo la kumfunza mtu wimbi lake lilianzia Chuo Kikuu cha Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950. Joe Kamiya aliwakalisha watu macho yamefumbwa, akawa akipiga kengele mara kwa mara, na kila ikilia mshiriki alitakiwa akisie kama wakati huo ubongo wake ulikuwa kwenye alfa au la. Kisha aliambiwa kama amepatia. Baada ya muda baadhi yao walipatia karibu kila mara, na wengine waliweza kuileta alfa au kuizuia wakiombwa. Habari hizi zilipowafikia watu wa kawaida mwaka 1968, ulizuka mtindo mzima: katika miaka ya 1970 mashine za alfa ziliuzwa kama njia ya mkato ya kufikia utulivu wa wataalamu wa tafakuri.

Mwaka 1973 David Paskewitz na Martin Orne walimwaga maji baridi juu ya shauku hiyo. Walionyesha kwamba kwenye giza totoro, mafunzo hayakupandisha alfa kupita kiwango alichokuwa nacho mtu alipokaa tu bila kufanya kitu. Palipokuwa na mwanga hafifu, alfa ilipanda vikao vikiendelea, lakini nayo haikuvuka kiwango hicho cha mapumziko. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile kilichoonekana kuwa ni kujifunza alfa ilikuwa ni mtu kujifunza kutoyasumbua macho yake. Huu ni mfano mzuri wa mtego wa dai la kwanza: kipimo kilipanda kweli, ila si kwa sababu iliyodhaniwa.

Simulizi nyingine ni nzito zaidi. Katika miaka ya 1960 Barry Sterman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa akichunguza usingizi wa paka. Aliona kwamba paka akitulia tuli huku yuko macho, juu ya eneo la ubongo linalosimamia mwendo na mguso hutokea wimbi la mara 12 hadi 15 kwa sekunde. Akawazawadia paka chakula kila walipolitoa, na paka wakajifunza kulitoa zaidi. Baadaye aliombwa achunguze sumu ya mafuta ya roketi aina ya hidrazini, ambayo ilikuwa ikileta degedege. Paka walipopewa sumu hiyo, baadhi walistahimili muda mrefu kuliko wenzao, na hao walikuwa ni wale waliowahi kufunzwa wimbi lile. Mwaka 1972 alichapisha matokeo ya binadamu wa kwanza mwenye kifafa aliyefunzwa kwa njia hiyohiyo.

Watetezi wa mafunzo haya hupenda kusema kwamba paka hana matumaini wala imani ya kupona, na hapo wana hoja. Lakini tuangalie paka walipimwa nini. Walipimwa degedege. Hakuna aliyewapima kumbukumbu. Kati ya ubongo unaostahimili sumu na ubongo unaokumbuka majina ya watu waliotambulishwa jana kuna umbali mkubwa, na simulizi ya paka haiwezi kuuvuka peke yake.

Kutoka kwenye wimbi hadi kwenye kumbukumbu

Kwa nini basi watafiti walidhani kumbukumbu ingefaidika? Si kwa kubahatisha. Wimbi la Sterman linafanana kwa kasi na milipuko mifupi ya umeme inayotokea usingizini, ile ambayo tafiti nyingi zimeihusisha na kuimarika kwa mambo tuliyojifunza mchana. Theta ya mbele ya kichwa hupanda kadiri mzigo wa kumbukumbu unavyoongezeka. Na mjini Salzburg, Austria, Wolfgang Klimesch alionyesha kwa miaka mingi kwamba watu wenye kumbukumbu nzuri na wenye kumbukumbu hafifu hutofautiana katika alfa yao. Ukiyaweka pamoja, wazo linashawishi: kama waliojaliwa kumbukumbu wana wimbi hili, basi tuwape na wengine.

Tatizo ni kwamba kuwepo pamoja si kusababisha. Kushusha zebaki ya kipimajoto kwa barafu hakumponyi mwenye homa. Wimbi laweza kuwa injini ya kumbukumbu, laweza pia kuwa moshi wake tu, na namna ya kujua ni kulibadili wimbi kisha kupima kumbukumbu kwa uangalifu.

Baadhi ya waliojaribu walipata kitu. Mwaka 2003 kikundi cha watafiti wa London akiwemo David Vernon na John Gruzelier kiliripoti kwamba baada ya vikao 8 vya kuongeza wimbi la mara 12 hadi 15, washiriki wenye afya njema walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio la kumbukumbu tendaji, ile inayoshikilia jambo akilini wakati unalifanyia kazi. Kundi lililofunzwa theta, kwa upande wake, halikuweza hata kuibadili theta yenyewe. Miaka miwili baadaye Simon Hanslmayr na wenzake walifunza sehemu ya juu ya alfa kwa kikao kimoja, wakaona kwamba waliofaulu kuipandisha waliboreka katika kazi ya kuzungusha maumbo akilini, na walioshindwa hawakuboreka.

Utafiti wa Hanslmayr unavutia, lakini una udhaifu ambao umejirudia katika uwanja huu hadi leo. Waliofaulu na walioshindwa hawakugawanywa kwa kura, walijigawa wenyewe. Huenda aliyefaulu alikuwa amelala vizuri, ametulia, ana ari. Mtu wa namna hiyo atapandisha wimbi na pia atafanya vizuri kwenye jaribio, bila kimoja kusababisha kingine. Na walioshindwa si wachache: karibu kila utafiti hukuta watu ambao hata wakipewa vikao vingi, mawimbi yao hayatikisiki.

Kisa ninachokiona cha kufundisha kuliko vyote kimetoka Salzburg hukohuko. Mwaka 2008 Kerstin Hoedlmoser, Manuel Schabus na wenzao waliripoti kwamba vikao 10 vya wimbi la mara 12 hadi 15 viliongeza ile milipuko ya usingizini, vikawafanya watu wapate usingizi mapema zaidi, na vikaboresha kukumbuka maneno waliyojifunza. Matokeo mazuri kiasi hicho yangewatosha wengi. Schabus hakuishia hapo. Mwaka 2017 alichapisha jaribio lenye masharti makali zaidi, safari hii kwa watu wanaosumbuliwa na kukosa usingizi: kila mmoja alipitia mafunzo halisi na mafunzo bandia, bila kujua yapi ni yapi. Washiriki walisema wanajisikia nafuu, lakini walisema hivyo kwa mafunzo ya aina zote mbili. Vipimo vya usingizi wenyewe havikuonyesha kwamba mafunzo halisi yaliyashinda ya bandia. Mtafiti anayechapisha matokeo yanayopunguza nguvu ya kazi yake ya awali anastahili kusikilizwa zaidi ya brosha kumi.

Mrejesho wa bandia

Hapa ndipo kiini cha mzozo kilipo. Mafunzo bandia hufanywa hivi: mtu anabandikwa elektrodi zilezile, anatazama ndege ileile, anahudumiwa na mtaalamu yuleyule, ila ndege haifuati ubongo wake. Inafuata rekodi ya mtu mwingine, au ishara iliyotungwa na kompyuta. Katika majaribio bora zaidi, mshiriki hajui yuko kundi gani, na anayempima naye hajui. Kama siri ya mafanikio ni wimbi, kundi halisi lazima lilishinde kundi bandia.

Ushahidi mwingi wa aina hii unatoka kwenye ADHD, tatizo la upungufu wa umakini na utundu uliopita kiasi, kwa sababu huko ndiko mafunzo haya yalikotumika zaidi tangu Joel Lubar wa Chuo Kikuu cha Tennessee aanze kuyaandika mwaka 1976. Umakini na kumbukumbu tendaji ni ndugu, hivyo matokeo hayo yanatuhusu. Mwaka 2017 Michael Schönenberg na wenzake nchini Ujerumani waliwagawa watu wazima zaidi ya 100 wenye ADHD katika mafunzo halisi, mafunzo bandia, na tiba ya mazungumzo ya kikundi. Wote walipata nafuu, na mafunzo halisi hayakuyashinda yale ya bandia. Mwaka 2021 yakaja matokeo ya jaribio la Marekani la watoto zaidi ya 140 wa miaka 7 hadi 10, waliopewa hadi vikao 38. Wazazi na walimu waliona mabadiliko makubwa, nayo yalidumu. Ila yalikuwa makubwa karibu sawa katika makundi yote mawili.

Uchambuzi mpana wa hivi karibuni katika jarida la JAMA Psychiatry ulijumlisha majaribio 38 yenye washiriki 2,472. Pale ambapo wapimaji hawakujua nani amepewa nini, dalili za ADHD hazikuonyesha faida ya maana. Kilichobaki ni nafuu ndogo katika kasi ya kuchakata taarifa. Sitaki kuifukia hiyo nafuu ndogo. Inawezekana ni mbegu ya jambo la kweli. Lakini mbegu si mavuno yanayotangazwa.

Watoto wa kundi bandia walipataje nafuu, basi? Hebu fikiria wanachofanya. Mara kadhaa kwa wiki wanakaa kimya wakikazia macho kitu kimoja. Mtu mzima anawashughulikia na kuwatia moyo. Mashine inaonekana ya kisayansi, familia imejitolea, kila mtu anangoja mabadiliko. Miezi inapita na mtoto anakua. Akirudia jaribio lilelile la tarakimu, analifahamu sasa. Robert Thibault na Amir Raz, waliokuwa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, wameeleza kwamba hivi vyote kwa pamoja ni plasebo, yaani nafuu inayoletwa na imani na mazingira ya tiba badala ya tiba yenyewe, yenye nguvu isiyo ya kawaida. Nafuu yenyewe ni ya kweli kwa anayeipata. Swali ni kama inahitaji elektrodi.

Watetezi wana majibu, na moja lina uzito. Wanasema majaribio mengi yenye mrejesho wa bandia huachia kompyuta ibadilishe ugumu wa mchezo yenyewe, na hivyo hata kundi halisi halijifunzi ipasavyo. Kama wimbi halikubadilika, jaribio halikupima dai la pili hata kidogo. Ni kweli kwamba ripoti nyingi hazikuonyesha kama washiriki walijifunza wimbi lenyewe. Ndiyo maana mwaka 2020 kundi kubwa la watafiti, wakiwemo watetezi na wapinzani, lilikubaliana juu ya orodha ya mambo ambayo kila jaribio lapaswa kuripoti, ikiwemo ushahidi kwamba wimbi lilibadilika kweli. Lakini hoja hiyo inakata pande zote mbili: ikiwa wataalamu wa vyuo vikuu wanashindwa kuthibitisha kwamba wimbi limebadilika, kliniki inayoahidi mabadiliko kwa kila mteja inajuaje?

Mshipi wa kichwani na suala la daktari

Vifaa vya kuvaa nyumbani huongeza tatizo juu ya tatizo. Vingi huweka elektrodi kwenye paji la uso, mahali ambapo hakuna nywele, na hapo ndipo macho na misuli ya uso hupiga kelele kuliko kwingineko. Umeme wa misuli unaingiliana na beta na gama. Programu ya simu ikikuonyesha kwamba umakini wako umepanda, inawezekana ulikunja uso tu. Kwa kutulia na kuhesabu pumzi vinaweza kusaidia, lakini hilo huhitaji EEG? Sidhani.

Mtu akiwa bado anataka kujaribu kliniki, maswali machache huchuja haraka. Nani ana leseni ya tiba hapa, na ya nini? Watapima kumbukumbu kwa jaribio gani, na je, ni tofauti na zoezi lenyewe? Wataonyesha grafu ya wimbi langu kikao hadi kikao, baada ya kuondoa umeme wa macho na misuli? Baada ya vikao vingapi wataniambia kwamba kwangu haifanyi kazi? Madhara yanayoripotiwa ni madogo kwa kawaida, kama kuumwa kichwa, uchovu na hasira za muda. Ila mwenye kifafa asianze bila daktari wake kujua, na asiache dawa.

Hasara kubwa mara nyingi haimo kwenye mashine, imo kwenye miezi inayopotea. Kumbukumbu inayofifia inaweza kuwa dalili ya tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona, kukatika pumzi usingizini, au dawa anazotumia mtu kwa ugonjwa mwingine. Mengi kati ya hayo hupimwa kwa damu au kwa mahojiano ya saa moja, na yana tiba. Kwa asiye na ugonjwa, mazoezi ya mwili yana ushahidi unaoyazidi mawimbi: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, Kirk Erickson na wenzake waliwagawa wazee 120 katika makundi mawili, na waliotembea kwa kasi dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mmoja, hipokampasi zao, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, zilikua kwa takriban asilimia 2, wakati za wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo zilisinyaa. Kujipima mwenyewe unachosoma badala ya kukisoma tena na tena ni mbinu nyingine iliyothibitishwa mara nyingi, na haihitaji kifaa chochote.

Maabara, kwa upande wao, yanaendelea. Baadhi sasa hawamfunzi mtu chochote: mashine husikiliza mawimbi ya usingizi mzito na kucheza sauti fupi sana pale tu wimbi linapopanda. Mwaka 2013 Hong-Viet Ngo, Jan Born na wenzao nchini Ujerumani waliripoti kwamba waliolala hivyo walikumbuka jozi za maneno vizuri zaidi asubuhi. Washiriki walikuwa 11, na majaribio yaliyofuata yametoa majibu yanayopingana.